Malimbuko ya Shamba Lenye Uzio

Alhamisi, 3 Julai

Mifuko tena. Asubuhi nzima nakagua mifuko ya karatasi tuliyoyavika masuke ya mtama, mmoja mmoja, safu baada ya safu. Wakati wa maua ilizuia chavua isitoke. Sasa inazuia ndege. Upepo umerarua michache, nimefunga mipya. Jasho mpaka ndani ya gambuti. Mgongo unauma.

Daktari, mkuu wa utafiti wetu, kapiga simu kutoka Kampala, kisha akapiga tena, kisha tena. Tukivuna atakuja na mkaguzi wa serikali. Hataki uzio uwe na tundu hata la panya. Nimemwambia hakuna. Kweli hakuna, nimeuzunguka mwenyewe.

Mtama wenyewe mzuri, acha niseme. Ni ule ule mwekundu wa huku Tororo, ila jeni inayotengeneza aina moja ya wanga imezimwa, na nyingine ya kujaza punje imetiwa nguvu. Uji wake haugandi ukipoa. Tumbo la mtoto linaumeng'enya upesi. Punje zinajaa hata mvua ikikatika mapema. Sisi tuliolelewa kwa uji wa mtama kule Busia upande wa Kenya tunajua matumbo yalivyokuwa yakinguruma usiku kucha. Naiamini kazi hii.

Mzee Owor, mlinzi wetu, kanifuata kwenye lango na maswali yake. Tukivuna, mtama unakwenda wapi? Sampuli kwenye maabara, nikamwambia, masuke mengine yote shimoni, yanachomwa. Ndiyo sheria, mpaka serikali iridhike. Akasonya.

"Chakula inachomwa yote? Na ya Mungu iko wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia Mungu hana shida na mtama wetu. Akarudi kwenye kiti chake kuimba nyimbo zake za kanisani.

Jumapili, 6 Julai

Niandike tu.

Leo ilikuwa shukrani ya mavuno kanisani Iyolwa, kwa kina Akoth. Sisi twakaa Nagongera, lakini mke wangu hawezi kukosa shukrani ya kwao. Nilikaa nyuma na wanaume. Mama mkwe alikuwa mbele na kina mama, na mimi macho yangu kwenye dari, kama inavyotakiwa.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka. Kuku, maboga, mkungu wa ndizi. Kisha katekista akainua kicha cha masuke ya mtama. Mekundu, mazito, punje zimebanana. Watu wote wakaguna kwa kutamani. Na shina moja lilikuwa na utepe wa njano wa plastiki.

Utepe wangu wa alama za shambani. Nimeufunga kwa vidole hivi.

Nikainua mkono ninunue, yaishe. Mbele kule mkono mwingine ulikuwa juu tayari, wa mama mkwe. Binamu yake Akoth akaushusha wangu kwa nguvu: "We! Washindana na mkweo, mbele ya watu?"

Nikaukalia mkono. Mama mkwe akapewa kicha chake, akakipakata, kina mama wakapiga vigelegele.

Ningesimama niseme nini? Huku ni kama kwetu Usamia. Mume wa binti na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Siingii jikoni mwake, sikai naye, simwambii neno ana kwa ana. Maneno hupita kwa mtu mwingine. Leo nisimame kanisani nimwambie rudisha? Siwezi. Mwoga mimi, au mkwe mwema. Sijui tena tofauti iko wapi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimefika shambani kabla ya jua kupanda. Safu ya pembeni, karibu na kibanda cha mlinzi. Mifuko imefungwa vizuri kabisa, kwa fundo safi kuliko langu. Ndani mitupu.

Mzee Owor hakukataa hata kidogo. Alinitazama kama nauliza jua linachomoza wapi.

"Nilitoa malimbuko kanisani kwetu. Shamba haina kutoa ya kwanza kwa Mungu, hiyo itapata baraka gani? Nyinyi wasomi mmesahau, mimi nikawasaidia."

Nilimfokea. Mzee wa umri wa baba yangu, nimemfokea mpaka mate yakaruka. Alivua kofia, akaikunja mikononi. Alipoelewa akataka aende mwenyewe kwa mama mkwe akaombe kicha kirudi. Nikamkataza. Akienda yeye, kufika jioni kijiji kizima kitajua, na kijiji kikijua, Daktari atajua. Nikamwambia nitalishughulikia.

Najuta tayari. Angekwenda.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia Akoth. Kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Malimbuko! Eti malimbuko! Kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nikamwomba akakichukue. Hataki. Mama kanunua kitu nyumbani kwa Mungu, mbele ya watu, leo binti aje kumnyang'anya kwa ajili ya mume? Aseme nini? Nikamwambia aseme lolote, ila asiseme kweli. Akasema basi hilo lolote nenda ukaseme wewe. Anajua siwezi.

Tumelala migongo imeangaliana.

Alhamisi, 10 Julai

Akoth amekwenda, amerudi mikono mitupu.

Kicha kimening'inizwa juu ya meko, kwenye moshi, pale mama mkwe anapokausha mbegu. Hakukinunua akile. Amekiweka mbegu. Akoth alisema mume wangu ameyapenda yale masuke, anayataka. Mama yake akafurahi sana. Mwambie atulie, akasema, yakizaa nitampikia pombe yake, atakunywa kwa mrija mrefu mpaka asahau njia ya Nagongera.

Hapo Akoth akaaga.

Nina hasira na Akoth, na Owor, na Daktari na simu zake. Nimepiga teke ndoo. Ilikuwa na maji.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda Iyolwa kwa pikipiki bila sababu. Nimepita mbele ya boma la mama mkwe. Nimekwenda mpaka dukani, nimenunua soda, sikuimaliza. Nimepita tena. Moshi watoka kwenye paa la jiko. Pale ndani, hatua chache tu kutoka barabarani. Mtu mwingine yeyote angepiga hodi akaingia. Mchuuzi wa dagaa aliingia, mbele ya macho yangu, akatoka akicheka.

Niliwaza hata kungoja aende kisimani, niingie niibe. Mume wa binti kukamatwa ndani ya jiko la mama mkwe! Afadhali jela.

Nimerudi. Mwanamume mzima nazungukazunguka boma la watu kama fisi.

Jumatatu, 14 Julai

Tumevuna. Daktari kaja na mkaguzi, kijana mpole wa miwani, anaandika kila kitu. Masuke yamekatwa, yamepimwa, sampuli zimefungwa. Mengine shimoni, tukachoma, tukafukia. Mzee Owor alisimama kando, kofia mkononi, kama yuko mazikoni.

Safu ya pembeni mkaguzi akauliza, mbona hii mitupu. Daktari akanigeukia mimi.

Ndege, nikasema. Walirarua mifuko.

Mifuko haikuraruka. Nilikuwa nimeirarua mwenyewe jana. Mkaguzi akaandika ndege. Daktari akanipiga bega, kazi nzuri, Wandera. Mzee Owor alinitazama, kisha akatazama chini. Nilitamani aseme.

Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumanne, 15 Julai

Yamezidi. Akoth kapigiwa simu na mama yake. Kicha kimekwisha pukuchuliwa. Mbegu zimemiminwa kwenye kibuyu kikubwa, pamoja na mtama wake wa siku zote. Ndivyo afanyavyo na mbegu ngeni: haipandi peke yake, huichanganya na ya nyumbani, izoee mji.

Kibuyu kile. Ule ni mtama aliorithi kwa mama yake, na kwa bibi yake kabla ya hapo. Wengi Iyolwa siku hizi wanapanda mbegu ya dukani, lakini anayetaka mtama wa kimea, ule unaotoa pombe inayosifiwa mpaka Lunyo, huenda kwa mama mkwe. Kila msimu kabla ya kupanda kina mama huja na vikapu, naye huwapimia kwa kata. Hachukui kitu. Ndiyo fahari yake.

Wanakuja Jumamosi.

Jumatano, 16 Julai

Sikulala. Nimejitetea kwa kila namna.

Mtama huu haumuui mtu. Ni wanga tu. Mimi mwenyewe ningeula kesho. Nani atajua? Utaota, utachavusha mingine, baada ya misimu michache hakuna awezaye kusema upi ni upi.

Hapo ndipo panaponichoma. Hakuna awezaye kusema upi ni upi. Mama mkwe atapima kimea kama kawaida, na pombe itakuja tofauti, naye atadhani ni mikono yake imezeeka. Hakuna aliyemuuliza kama anautaka. Sisi wenyewe bado hatujui utafanya nini ukikutana na ule wa zamani. Ndiyo maana kuna uzio, jamani! Nimewaeleza wageni wote wanaokuja, kwa ufasaha, nikionyesha kwa kidole.

Ningesema Jumapili ile, kingechomwa kicha kimoja. Sasa ni kibuyu kizima.

Saa nne nimempigia Daktari. Nimemwambia yote, na ndege pia. Akasema, usiguse kitu, nakuja Ijumaa na mkaguzi. Sauti baridi.

Nimekaa nje kwenye jiwe. Sijisikii vizuri, ila angalau nimesema.

Ijumaa, 18 Julai

Niandike haraka, kisha nisirudie kusoma.

Tulikwenda wanne: Daktari, mkaguzi, mwenyekiti wa kijiji, na mimi. Akoth alikuwa kule tangu jana, hakutoka nje. Daktari akataka kwenda moja kwa moja jikoni, mwenyekiti akamzuia, tupige hodi kwanza. Mimi nikasimama uani, nimeligeuzia jiko mgongo.

Daktari hajui Kidhopadhola cha huku, na Kiswahili chake cha kuombea maji. Kwa hiyo alisema kwa Kiingereza, mimi nikamwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaliambia jiko. Mama mkwe alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Alisikia kila neno kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Hata hivyo tulingoja kila neno lipite kwa mwenyekiti.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa utaratibu:

"Muulize mwenyewe wa Akoth. Siku ya mnada alikuwa kanisani?"

Mwenyekiti akaniuliza. Nikasema nilikuwepo.

"Muulize, alikiona kicha?"

Nikasema nilikiona.

Kuku wanaparua. Daktari ananiuliza anasema nini, nami sikumtafsiria.

Baadaye mama mkwe akauliza kama hatuwezi kuzichambua mbegu, tuchukue zetu tumwachie zake. Swali la haki. Lakini rangi ni moja, ukubwa karibu ni mmoja. Njia iko: unakata punje, unadondoshea iodini. Ya kawaida inageuka bluu nzito, yetu inabaki na wekundu wa udongo. Nilifanya pale pale juu ya sahani, punje kumi na kitu, mgongo bado nimempa, sahani nikampitishia mwenyekiti. Nyingi bluu. Tatu nyekundu. Sahani ikaingia jikoni, ikakaa huko muda.

Ila punje iliyokatwa na kutiwa dawa haipandwi tena. Daktari akasema maabara zipo zinazoweza kukata kipande kidogo na kubakiza kiini kikiwa hai, kwa punje chache, si kwa kibuyu kizima. Mkaguzi akasema hapana, kitoke chote. Alisema kwa adabu. Hata yeye alikuwa anaumia, nilimwona.

Kibuyu kikatoka mlangoni, kimeshikwa na Akoth. Hakunitazama. Tukachimba shimo nyuma ya zizi, tukamimina, tukatia moto. Hilo sikuliwazia kabla: mtama ukichomwa unapasuka, unatoa bisi. Harufu tamu ikajaa boma lote. Watoto wa jirani wakaja mbio wakidhani kuna sherehe, mwenyekiti akawafukuza.

Daktari akaahidi gunia la mbegu bora ya dukani. Mwenyekiti akaliambia jiko.

Jumamosi, 19 Julai

Kina mama wamekuja na vikapu vyao. Akoth kanisimulia kwa simu, maneno machache. Mama yake aliketi mlangoni akawaambia mbegu hakuna msimu huu. Walipouliza imekuwaje, akasema imeharibika. Basi. Mimi hakunitaja. Waliondoka na vikapu vitupu, mmoja akilalamika njia nzima.

Afadhali angenitaja.

Jumatatu, 21 Julai

Mzee Owor kafukuzwa. Alirudisha koti la mvua na filimbi, akapeana mkono na kila mtu, hata na mkaguzi. Akaniambia, "Mimi nilifikiri shamba ni ya Mungu, sisi tunachunga tu."

Mimi sikufukuzwa. Barua ya onyo kwa ile hadithi ya ndege, halafu Daktari akanisifu mbele ya wenzangu kwa kusema ukweli wakati ilikuwa vigumu kusema. Wakapiga makofi. Mzee Owor alitoa kwa moyo safi, kafukuzwa. Mimi nilificha siku kumi, nimepigiwa makofi.

Nimeona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Ijumaa, 1 Agosti

Akoth amerudi nyumbani. Anapika, tunakula, tunazungumza habari za chumvi na mafuta ya taa. Nilimwambia pole. Akasema pole mpe mwenyewe. Nikasema unajua siwezi kumwambia. Akaniangalia.

"Kumchomea mbegu uliweza."

Kisha akaendelea kuosha vyombo.

Gunia la mbegu ya dukani lilifika kwa mama yake. Ameliweka barazani, chini ya kuku. Hajalifungua.

Jumatano, 27 Agosti

Mvua imeanza vizuri. Wiki hii kila mtu Iyolwa ana jembe mkononi. Na mimi nakwenda kila siku kwenye shamba letu tupu kutafuta maotea, punje zilizodondoka wakati wa kuvuna zikajiotea zenyewe. Ukiona mche, unang'oa. Kazi ya kuinama. Naipenda, haina mtu wa kuzungumza naye.

Akoth aliniambia wiki iliyopita mama yake anazunguka nyumba kwa nyumba, kwa wale aliokuwa akiwapimia, kutafuta waliobakiza mtama wa zamani. Wengi walishausaga. Huyu anatoa konzi moja, yule anasema nilipeleka wote kwenye pombe, mama, pole.

Leo tumekutana. Njia nyembamba kati ya mihogo, mimi natoka barabarani, yeye anakuja na kikapu kidogo kimefunikwa kitambaa. Nilizima pikipiki. Nikashuka, nikageuza uso kwenye mihogo, nikangoja apite. Ndivyo ifanywavyo. Yeye naye alipaswa kuchepuka, apite mbali, kitambaa usoni.

Nikasikia miguu imesimama.

"Wandera."

Miaka yote ya ndoa hii sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake. Mkwe hatajwi jina. Nikageuka. Alikuwa ananitazama usoni, macho meupe, bila chuki.

"Habari ya kazi?"

Nikasema nzuri, mama. Akasema haya, kazi njema. Akahamisha kikapu mkono wa pili, akapita karibu nami kabisa, nguo yake ikagusa usukani.

Ndivyo anavyomsalimu Daktari. Ndivyo anavyomsalimu mkaguzi na dereva na kila mtu wa mradi.

Nimesimama pale mpaka mvua ikaanza tena. Kisha nikaenda kung'oa maotea. Yalikuwa machache leo.